Carina Ti ya mwalimu: daftari lote limeandikwa kushoto

Gari yenyewe ni Carina Ti ya 1998, mwenyewe ni mwalimu mstaafu anakaa Sahare hapa Tanga, na nakiandika kisa chote kilivyokuwa maana na mi mwenyewe kilinipiga chenga siku nzima, kwa hiyo msinisome kama mjuaji. Gereji yetu ipo Ngamiani, ni uwanja tu na mwarobaini, hatuna shimo wala lifti, karibu kila kitu nilichofanya hapa nimefanya kwa jeki, mtarimbo, spana na tepu ya seremala.

Mzee alikuja asubuhi, shikamoo mwalimu, marahaba fundi, afu hata hajasema gari ina nini akatoa daftari. Kumbe kila alichofanyiwa ameandika, tarehe, kifaa, bei, na pembeni ni upande gani. Stabilaiza linki mbili (vijiti vya kuunga ile fimbo inayozuia gari kulalia upande kwenye kona) 40,000. Balijointi (kiungo cha duara chini ya gurudumu) ya kushoto 35,000. Rak endi na tairodi endi (viungo vinavyosukuma tairi ukikata usukani) ya kushoto 70,000. Bushi kubwa (mpira) ya wishiboni, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, ya kushoto 30,000. Shokapu za mbele zote mbili, za mtumba, 150,000. Ufundi jumla 110,000. Nikaanza kujumlisha kichwani, yeye keshajumlisha zamani, 435,000, kapigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Na gari bado inagonga. Pembeni mafundi wengine kawapa maksi, mmoja ana 3 kwa 10, nikaona nisiulize sana nisije nikaharakisha yangu.

Malalamiko yalikuwa matatu ila yeye anayasema kama kitu kimoja, "gari inagonga mguu wa kushoto na usukani umekufa" (mguu ni gurudumu na vyuma vinavyolishika), na nahisi waliopita wote waliyapokea hivyo hivyo yakiwa fungu moja. Nikamwomba ayaseme taratibu, moja baada ya jingine. La kwanza, ikipita kwenye vijiwe na vimashimo vidogo vidogo kwa spidi ndogo inafanya gok-gok-gok mbele, lakini kwenye tuta kubwa ukipanda taratibu haigongi kabisa. La pili, usukani mzito na ukikata kona haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa mkono kama unafunga mlango wenye kutu. La tatu, ukishika breki, au ukitoka rivasi kwenda mbele, inapiga tak moja tu, na ukishika breki kwa nguvu gari inavuta kushoto. Fundi wa mwisho alimwambia ni pampu ya pawa stelingi, atafute 180,000. Hapo ndo akashtuka akaja kwetu.

Sasa ishu ya pampu niliitoa palepale na kila mtu anaweza kuifanya kwake. Washa gari, simama, kata usukani injini ikiwa sailensa, yani hujakanyaga mafuta, afu kata tena mwenzio akiwa amekanyaga mafuta kidogo. Pampu ikiwa imechoka mara nyingi utaona ukikanyaga mafuta usukani unapata nafuu, na huwa inalia kama nyuki. Hii haikulia, oili yake safi na ipo kwenye alama, na uzito ulikuwa uleule. Afu kuna kitu kingine cha kufikiria tu bila hata kushika spana, pampu kazi yake ni kukusaidia kukata. Hata ikifa kabisa usukani unakuwa mzito lakini gari ikitembea bado unajirudisha. Usukani usiorudi maana yake kuna kitu kinakwamisha huko chini, au miguu haijalala inavyotakiwa.

Hilo la miguu kulala angalia baiskeli. Foko ya mbele haijasimama wima, imelala kidogo kurudi nyuma, ndo maana ukiisukuma Phoenix ukaachia usukani inajinyoosha yenyewe. Gari nayo hivyohivyo, mguu wa mbele umelala nyuma kidogo, na mguu mmoja ukilala pungufu kuliko mwenzake gari inavuta upande ule uliopungua. Likumbuke hili maana litarudi.

Tukatoka barabarani, mzee anaendesha mi nimekaa kushoto, tukazunguka mitaa ya Ngamiani, tukavuka reli, tukarudi. Gok-gok nikaisikia vizuri. Na kweli masikio yanakwambia kushoto. Ila bodi ya gari ni bati moja lililoungwa, sauti inatembea, na dereva amekaa kulia kwa hiyo chochote kisichokuwa chini ya miguu yake anakisikia "huko kushoto". Kufika gereji nikafanya kitu cha kizamani, kijana wangu anatikisa gari kwa kuikandamiza kwenye boneti na kuachia, mi nimetoa vile vifuniko vya plastiki juu ya vichwa vya shokapu, huku nimeweka kidole kwenye nati ya katikati. Kwanza nikagundua vifuniko ni kimoja tu, cha kushoto. Cha kulia hakipo, nati iko wazi na kutu imeshika. Kushoto kidole hakikusikia kitu. Kulia, kila akikandamiza, tok chini ya kidole, inapanda hadi kwenye kiwiko.

Nikamwita mzee aweke kidole chake. Akaweka, akanyamaza, akaangalia daftari, akasema "lakini mwanangu huku hawajawahi kugusa". Nikamwambia wamegusa mwalimu, si walibadili shokapu zote mbili.

Kilichotokea pale kwa jinsi nilivyoona ni hivi. Nati ya juu ya shokapu ukiikaza bila kushika ile fimbo ya katikati, fimbo inazunguka nayo, mkono wako unahisi imekaza kumbe inazunguka tu. Kuna sehemu yake maalumu ya kuishikia pale kichwani. Waliofunga hawakuwa na spana yake, wakaikamata fimbo kwa plaizi, alama za meno zilikuwepo, nati ikafika pale ilipofika wakaridhika. Na nati yenyewe ni ileile ya zamani, haishiki tena. Kwa hiyo fimbo ilikuwa inacheza juu chini kidogo sana ndani ya maunti, ile ya mpira na chuma inayoshika kichwa cha shokapu kwenye bodi. Ndo maana kwenye tuta kubwa haigongi, ukipanda taratibu uzito unaikandamiza upande mmoja na kubaki hapohapo, ila kwenye vijiwe vya haraka haraka inaachiwa na kukandamizwa, inaachiwa na kukandamizwa, kila mara inapiga. Mtu akikwambia gari yake inagonga kwenye vidogo na kwenye makubwa haigongi, wengi wanakimbilia linki, na si vibaya kuanza na linki, ila linki ziache kwanza zijieleze: zifungue pande zote mbili, zifunge kwa waya zisipige kitu, tembea mtaa mmoja taratibu. Sauti ikiisha ni linki au bushi za stabilaiza. Ikibaki ziache zilipo usinunue. Kwenye hii tulifanya, ikabaki. Elfu 40 ya mzee ilikwenda bure na ilikuwa kazi ya dakika 15 kuiokoa.

Basi ningeweza kukaza nati nikachukua hela yangu, na nakiri nilifikiria hivyo. Ila usukani bado haurudi.

Kwa usukani njia yangu ni kukata katikati, yani kuitenganisha stelingi na miguu uone mzigo uko upande gani. Nyanyua mbele yote, weka stendi (usiamini jeki peke yake, tuna mwenzetu ana kidole kifupi), ng'oa pini za tairodi endi, legeza nati, afu gonga nyundo pembeni pale kwenye jicho inapoingia, sio juu ya uzi. Zikitoka zote mbili unazungusha usukani peke yake, injini imezimwa. Ukiwa mzito au unakwama sehemu sehemu basi tatizo ni raki (boksi ya usukani) au ile krosi, kiungo cha shafti ya usukani chini ya miguu ya dereva, ambayo huku kwetu pwani kutu huipenda sana. Wa mzee ukaenda laini kabisa. Haya, raki imetoka kwenye lawama. Tukahamia kuzungusha habu, pale tairi linapofungwa, kwa mkono, moja moja. Ya kushoto inakwenda kwa ubishi kidogo. Ya kulia nilishika kwa mikono miwili, inakataa, inakataa, afu nikaona springi nzima inajisokota, halafu inaruka ting na kurudi. Sauti ile ukiisikia mara moja hutaisahau. Ni beringi ya maunti ya juu imekufa. Kazi yake ni kuruhusu shokapu na springi vizunguke pamoja unapokata, ikiganda springi inageuka kuwa kama springi ya saa, unaijaza unapokata kona na inakupinga mkono njia nzima.

Na kwa nini ilikufa? Nikamuuliza mzee gari anaosha wapi, akasema nyumbani, wajukuu, maji ya kisima. Kisima cha Sahare, hatua chache na bahari, maji yenyewe ukichemshia chai huhitaji kuonja mara mbili kujua yana chumvi. Na wajukuu wanapenda kuosha injini, wananyunyiza mpaka kwenye boneti ndani. Kifuniko cha kulia hakipo. Maji ya chumvi yameingia moja kwa moja kwenye beringi, miaka na miaka.

Tukaagiza maunti mbili za mtumba kutoka kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, 70,000 zote mbili, mzigo ukaja na basi nikaufuata stendi ya Kange jioni. Ukinunua za mtumba usiangalie mpira peke yake, ingiza vidole viwili, kandamiza huku unazungusha, ukisikia mchanga rudisha. Kuzibadilisha nimetoa shokapu nzima na springi yake, nikabana springi kwa vibanio vyake viwili ndipo nikafungua nati. Kuna watu wanafunga springi kwa mnyororo au waya wa kufungia nondo. Mi hapo sina utani, springi ya mbele ikikuchomoka mkononi inapita na taya. Kama huna vibanio azima, Ngamiani nzima hatukosi wa kukuazima.

Kufunga, kukaza kwa spana yake, kwenda barabarani. Gok-gok hakuna. Usukani unarudi, sio vizuri sana ila unarudi. Mzee kafurahi, anataka kuandika. Nikamwambia bado, shika breki. Tak. Na inavuta kushoto.

Hapa ndo nilipoharibu mimi. Tak ya breki na rivasi kila fundi anajua pa kuangalia kwanza, bushi kubwa ya nyuma ya wishiboni, maana ukishika breki gurudumu linataka kubaki nyuma wakati gari inaenda mbele, na kinacholizuia ni bushi ile. Najua, nimeshabadili nyingi tu. Lakini daftari limeandikwa bushi ya wishiboni kushoto, mpya, miezi minne iliyopita, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Nikairuka. Nikakamata tairi saa 12 na saa 6, nikalitikisa, hakuna mchezo (ukikuta mchezo hapo mwambie mtu akanyage breki, mchezo ukipotea ni beringi ya gurudumu, ukibaki ni balijointi). Nikakamata saa 9 na saa 3, safi, rak endi na tairodi nzima. Nikaweka mtarimbo chini ya tairi, gari imenyanyuliwa mguu unaning'inia, nikanyanyua kutafuta balijointi, nayo nzima. Nikafungua kalipa ya breki nikaangalia pini, nikapaka grisi. Nikakaza maunti ya injini ambayo wala haikulegea. Jua limekwenda. Nikaanza kumwambia mzee maneno ya alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu), yale ambayo fundi akiishiwa huyasema.

Kijana wangu, ana miezi minane gerejini, ndo aliyeona. Nilimwambia asimame pembeni aangalie kama breki zinashika sawa, mi napeleka mbele nashika, narudi rivasi nashika. Akasema "fundi, tairi la huku linarudi nyuma". Nikamwambia gari inarudi nyuma. Akasema "hapana, gari imesimama, tairi ndo linarudi, linakaribia huku kwenye madigadi". Nikashuka nikampa usukani (ndani ya uwanja tu) nikaangalia mwenyewe. Kweli. Ukishika breki gurudumu la kushoto lilikuwa linasogea nyuma kama upana wa kidole, la kulia limetulia. Nikatoa tepu, gari imesimama, usukani umenyooka, nikapima kutoka ukingo wa rimu hadi ukingo wa nyuma wa madigadi, kushoto pungufu karibu sentimita moja kuliko kulia. Mguu wa kushoto umerudi nyuma, umelala pungufu, gari inavuta kushoto, usukani unarudi kivivu. Baiskeli ileile.

Mtarimbo kwenye bushi "mpya", mpira umeachana na chuma cha katikati mzunguko mzima, unazungusha na kidole. Upande wa kulia bushi ilikuwa imepasuka pasuka juu juu kama kisigino lakini imeshika, na sidhani kama iliwahi kubadilishwa tangu gari itoke Japani.

Mtu atasema bushi feki. Inawezekana, siikatai, ila mi naamini zaidi ni ilivyokazwa. Bushi hizi za mpira hazitelezi ndani, mpira umeganda kwenye chuma cha ndani na cha nje, kazi yake ni kujisokota kidogo na kurudi. Sasa ukikaza bolti wakati gari iko kwenye jeki na mguu unaning'inia, umeifundisha bushi kwamba mguu kuning'inia ndo kupumzika. Ukishusha gari tu mpira umeshajisokota vibaya, na hapo hujapita hata shimo moja, umesimama tu unakunywa kahawa, yenyewe inateseka. Kila shimo linaongeza. Miezi minne ni mingi. Nikamuuliza mzee walikaza gari ikiwa chini au juu, akasema "ilikuwa juu, walishusha wakasema tayari". Na hawa sio mafundi wabaya, kazi zao nyingine kwenye gari zilikuwa safi, ni kitu ambacho wengi hawajaambiwa na gari haigongi siku hiyo kwa hiyo hakuna anayekuja kulalamika kesho yake.

Bushi nyingine 30,000, kuisukuma kwenye presi 10,000. Nikaingiza bolti zote bila kukaza, tukashusha gari, tukaipandisha magurudumu yote manne juu ya vipande vya mbao ili nipate pa kuingia chini, tukaitikisa mbele na nyuma ikae, mzee mwenyewe tukamweka kwenye siti ya dereva maana ndo uzito wake wa kila siku, ndipo nikalala chini nikakaza. Siku ya pili yake alaimenti 25,000. Usukani ulikuwa umekaa pembe kidogo, nikamwambia fundi wa alaimenti asichomoe usukani kuunyoosha, arekebishe kwa tairodi zote mbili, akaninunia ila akafanya.

Ufundi wangu 50,000, jumla yote 185,000. Breki sasa haina tak, ukishika kwa nguvu kule barabara ya Raskazone inasimama mstari mmoja, usukani unajirudisha hadi katikati na kupumzika. Wajukuu wamekatazwa kuosha injini, na kifuniko cha kulia nimemtafutia, kilitoka kwenye gari nyingine kabisa lakini kinaingia.

Kilichobaki ni kile cha plaizi. Fimbo ya shokapu ya kulia meno yaliikwaruza, ule mkwaruzo unapanda na kushuka kwenye sili kila siku, na sasa shokapu imeanza kulowa oili. Bado inafanya kazi, haijaanza kudunda, nimemwonyesha akashika kwa kidole akanusa. Tumekubaliana tungoje pensheni, na tukibadili tunabadili zote mbili. Kaandika kwenye daftari, na kwa mara ya kwanza kwenye ule mstari wa upande kaandika kulia. Maksi zangu kaziba kwa mkono.